Jumatano Niliyoisahihisha

Karakana, Shamba la Ngano,
karibu na Basotu
8 Februari 1987

Dada Hilaria,

Shikamoo, na shikamoo nyingine mpe mama kabla hujasoma zaidi, maana najua amekaa karibu yako anauliza kila mstari unasemaje. Mimi mzima. Upepo wa huku unapeperusha hata sufuria, lakini mzima.

Nina habari. Wiki tatu nilikuwa kwenye mafunzo, mafundi sita wa karakana. Mwalimu wetu ni mtu wa Moshi, mpole, anaongea taratibu. Siku ya kwanza alituuliza: kombaini ya kuvuna ngano ikiharibika mnatengeneza nini? Tukajibu kama wanafunzi wazuri: kilichoharibika. Akasema ndiyo maana mnatengeneza kila siku. Akachora duara ubaoni, kinachoingia, kinachotoka, kinachorudi. Beringi imekufa kwa kukosa grisi, grisi imekosekana kwa sababu ya mtu, mtu amesahau kwa sababu amechoka, na amechoka kwa sababu ya zamu zilizopangwa na mwenzake aliyekaa ofisini. Hayo yote kwa pamoja aliyaita mfumo. Dada, mimi nilibaki mdomo wazi.

Sasa sikiliza. Huku kila kombaini ina kadi. Tunaandika masaa ambayo imefanya kazi, lini imepata grisi, lini imebadilishwa oili, na hakuna mashine inayoruhusiwa kupita masaa yake. Nikajiuliza, mbona mimi sina kadi? Nimejitengenezea. Kila jioni naandika masaa ya kazi, masaa ya kulala, na nguvu iliyobaki mwilini, kuanzia moja mpaka tano. Moja ni mtu wa kuokotwa. Tano ni mtu anayeweza kuanza upya.

Naomba na wewe uandike, wiki moja tu. Tangu shemeji afariki ukarudi kumtunza mama, kila nikija nakukuta umekonda. Wewe uliacha shule darasa la nne ili mimi niende, hilo silisahau, na sasa acha na mimi nikufanyie kitu. Andika kila kazi na usinifiche. Mpe Bashiri dukani barua, akija Katesh kuchukua mzigo atanifikishia.

Mdogo wako,
Basili Akonaay


Kwa mkono wa Bashiri, Dongobesh
27 Februari 1987

Basili,

Marahaba. Mama anasema marahaba na anauliza huko kwenye duara ulifundishwa pia kuja nyumbani Pasaka?

Nimeandika kama ulivyotaka. Zita alinikuta naandika akadhani ni barua ya uchumba.

Jumatatu. Kukamua. Maji mara mbili. Kupalilia kwetu peke yangu. Kumkanda mama magoti. Nguvu mbili.

Jumanne. Kukamua. Mashine ya kusaga ya hapa kijijini imekufa (labda kwa sababu ya zamu za ofisini), nikaenda mpaka Dongobesh mjini kwa miguu na debe la mahindi. Nguvu moja.

Jumatano. Slaqwe kwa Efrazia, kupalilia kutwa nzima, watu ishirini na mbili. Mzee Hhando alituita asubuhi na mapema kutoka kilimani kwa sauti yake ile, kisha akatugombeza mpaka jioni kwamba wanawake wa siku hizi wanapalilia kama wanakuna mgongo. Tulicheka mpaka Efrazia akakalia majani. Nguvu tano.

Alhamisi. Slaqwe kwa Zita. Nguvu nne.

Ijumaa. Kwetu, peke yangu. Ndama anahara. Nguvu mbili.

Jumamosi. Kuni. Kufua. Kukaa kwa mama yake Zita anayeumwa jino, nilikaa sana. Nguvu tatu.

Jumapili. Kanisa, halafu kusimama nje kuongea mpaka jua likawa kichwani. Sikujua niandike ngapi. Nimeandika nne.

Ndiyo hiyo. Sikukuficha kitu.

Dada yako,
Hilaria


Karakana
10 Machi 1987

Dada,

Shikamoo. Nimeifanyia kazi karatasi yako jioni mbili. Nimekuchorea duara na sasa naona ugonjwa ulipo.

Kwanza, Jumatano umeandika tano baada ya kupalilia kutwa nzima shamba la mtu mwingine. Hapo umekosea, mwili hauwezi kuwa hivyo. Nimekusahihishia ikawa mbili. Alhamisi vilevile. Baada ya hapo hesabu inakaa sawa.

Pili, unavuja, dada, na unavujia kwenye slaqwe. Najua ndivyo tulivyokuta: mmoja anaalika, majirani wote wanakwenda kwake na majembe, anawapikia, kesho zamu ya mwingine. Lakini nimehesabu. Kwa msimu mmoja unatoa siku kumi na tisa kwenye mashamba ya watu. Wewe unarudishiwa siku mbili. Kumi na tisa kwa mbili! Tangi la dizeli likiwa linavuja hivyo hapa, meneja angefukuza mtu.

Nimekupangia ratiba, iko nyuma ya karatasi hii. Asubuhi maji na kukamua. Saa tatu mpaka saa saba shamba letu tu. Saa tisa mpaka saa kumi kupumzika, umelala chali, si kushona. Kumkanda mama jioni. Slaqwe nimeitoa kabisa. Kusimama nje ya kanisa nimekuachia robo saa. Majirani wakiuliza, waambie una ratiba, na kwamba ni mimi nimesema. Jaribu msimu mmoja tu, uone kadi itakavyopanda.

Najua utasita. Lakini niamini, dada, kwa mara hii moja.

Basili


Dongobesh
5 Aprili 1987

Basili,

Marahaba. Nimefuata ratiba wiki tatu. Nimeibandika ukutani juu ya mtungi kwa uji wa ngano, ng'ombe asiifikie.

Wa kwanza kumwambia alikuwa Zita. Alikuja kuniita twende kwa Mzee Hhando, nikamwambia nina ratiba. Akasema ratiba ya nini, nikamwonyesha. Aliisoma polepole. Akauliza, "Saa tisa unalala chali?" Nikasema ndiyo. Akaenda.

Mzee Hhando nilikutana naye njiani. Nikamweleza vizuri, nikataja jina lako na mafunzo. Nilidhani atanigombeza kama kawaida yake. Akasema, "Sawa." Basi.

Sasa asubuhi akisimama kilimani anaita nyumba moja moja, kwetu anaruka. Anaita ya Efrazia, halafu ya Zita. Ni vizuri, hatuamki bure.

Mwili umepumzika. Saa tisa nalala chali kama ulivyosema, natazama dari. Nguvu naandika tatu, siku nyingine nne. Mama anasema nyumba imekuwa kimya, lakini mama anapenda kusema.

Hilaria


Karakana
3 Mei 1987

Dada,

Shikamoo. Unaona! Nne! Nilisoma barua yako mbele ya mafundi wote, samahani, sikuweza kujizuia.

Na huku kuna makubwa. Yule mwalimu alipita kutukagua, nikamwonyesha kadi yangu mwenyewe. Akamwita meneja. Meneja akaitazama, masaa saba ya kulala kila siku, nguvu nne, nne, tano, akasema huyu ndiye mfanyakazi wa kisasa. Wameitundika ukutani mwa karakana, pembeni ya kadi za kombaini, na kila Jumatatu naandika mpya. Gidamis, mwenzangu anayetia grisi na kutengeneza usukani wa mashine, mtu mzima mwenye watoto watano, ananiita Bwana Saba. Anasema kwa Wabarbaigi mtu anayehesabu usingizi wake huwa anaumwa.

Mavuno yakianza wamesema mimi nitaendesha ile kombaini mpya. Pasaka sikuja, najua. Mwambie mama nitakuja baada ya mavuno.

Bwana Saba,
Basili


Dongobesh
14 Juni 1987

Basili,

Marahaba. Sisi wazima. Maharage nimevuna mwenyewe, mengine yamepasukia shambani kwa sababu sikuwahi. Si mengi.

Mama anatembea peke yake mpaka kisimani siku hizi, anasema anatafuta mtu wa kuongea naye.

Nguvu tatu.

Hilaria


Duka la Bashiri, Dongobesh
16 Julai 1987

Ndugu Basili,

Salaam. Naandika kwa haraka, gari linaondoka. Mama yako Kornelia alianguka njia ya kisimani, nyonga. Juzi Jumanne majirani wamemleta hapa kwenye machela, watu kama kumi na sita wakipokezana, mimi mwenyewe nimewasimamishia basi la Haydom. Dada yako amekwenda naye. Alikuwa haongei, nikadhani ni uchovu. Mke wangu Mwantumu alimpa kanga ya kujifunika.

Wewe uko karibu na Haydom kuliko sisi. Fika.

Bashiri


Karakana
24 Julai 1987

Dada,

Shikamoo. Nimepata habari kwa Bashiri na nimeumia sana. Kazi zimebana, ni katikati ya mavuno na hakuna anayeruhusiwa kutoka shambani. Ningeweza ningekuja mbio.

Mama afuate kila anachoambiwa na madaktari. Na wewe ulale. Usiuache mpango.

Usishangae mwandiko, naandikia gotini.

Basili


Dongobesh
9 Agosti 1987

Basili,

Marahaba.

Mama amerudi nyumbani juzi. Mguu wa kulia umekuwa mfupi kidogo. Anatembea na fimbo mpaka mlangoni, kisimani hatakwenda tena. Hakuna wa kulaumiwa, aliteleza, tukampeleka mara moja.

Kazi njema na mavuno yenu.

Hilaria


Karakana
23 Agosti 1987

Dada Hilaria,

Shikamoo. Barua hii nimeianza mara nne. Karatasi tatu nimewashia jiko. Msomee mama au usimsomee, nakuachia wewe.

Nilikudanganya kwamba naandikia gotini. Naandika kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia una plasta kuanzia kiwiko. Nilivunjika tarehe kumi na tatu ya Julai, saa nane mchana, jua kali, kwenye ile kombaini mpya. Nilisinzia kwenye usukani. Mashine ilitoka kwenye ngano ikaingia kwenye tuta la kuzuia maji, mbele ikazama, nikarushwa chini. Gidamis ndiye aliyenivuta.

Utauliza Bwana Saba alisinziaje. Nitakwambia. Yale masaa saba hayakuwepo. Yalikuwepo Februari, labda na Machi. Walipoitundika kadi ukutani, watu wakawa wanapita wanaisoma, na mimi nikaanza kupewa kila kazi kwa sababu nina nguvu. Zamu yangu, na zamu ya aliyeugua, na vifaa vya kupokea, na kuwafundisha wageni. Nilikuwa nalala masaa manne, mengine matatu. Jumatatu nasimama mbele ya ukuta na kalamu, wote wananitazama, naandika saba. Kadi ilipanda na mimi nikashuka. Dada, mimi ndiye niliyefundishwa kwamba kadi ikidanganya mashine inakufa, na niliidanganya kwa mkono wangu mwenyewe.

Na hilo si baya kuliko yote. Meneja alipotaka kujua sababu, alikwenda ukutani. Akasoma: usingizi saba, nguvu nne. Akasema dereva huyu alikuwa mzima, kwa hiyo kosa ni la usukani, na usukani ni kazi ya Gidamis. Wakamsimamisha. Mimi nikiwa nimelala na mkono wangu nikaambiwa habari hiyo, na nikanyamaza. Nilinyamaza wiki tano. Gidamis alikuja kunitazama, akaniletea maziwa kwenye kibuyu. Nilikunywa maziwa yake.

Sasa lililobaki. Mkono ulipovunjika walinipeleka Haydom, dada. Nilikuwa huko tangu tarehe kumi na tatu mpaka ishirini. Mliposhuka kwenye basi mimi nilikuwa wodi ya wanaume, hatua mia kutoka kwa mama.

Siku ya Alhamisi nilitoka kuota jua nikakuona. Ulikuwa pale jikoni kwa wanaouguza, umechuchumaa unapuliza moto, umejifunika kanga nisiyoijua. Pembeni yako alikuwa Efrazia anachambua kunde. Mzee Hhando alikuwa amekaa kwenye jiwe na fimbo yake, anamgombeza mtu kuhusu kuni. Nikajua ni mama, kwa sababu wewe ulikuwa mzima na mama hayupo. Nilipaswa kuita tu. Nilikuwa na neno moja la kusema, dada.

Nikautazama mkono wangu. Nikafikiri utaniuliza nini kimetokea, nami nitajibu nini mbele ya Efrazia, mimi mwenye ratiba. Nikafikiri Mzee Hhando atanitazama. Nikarudi nyuma, nikasimama nyuma ya matangi ya maji mpaka ulipoinuka na sufuria ukaondoka. Siku zilizofuata nilikuwa nachungulia kwanza ndipo nitoke. Jioni moja nilikwenda mpaka dirisha la wodi ya mama. Nilimsikia anaongea na mgonjwa wa jirani, anasema ana mtoto fundi wa kombaini, asingekosa kuja isipokuwa kazi imemfunga. Sikuingia. Nina miaka ishirini na tisa na sikuingia.

Narudi kwenye karatasi yako ya Februari, ninayo hapa. Nimeitazama siku nyingi nikiwa sina kazi nyingine ya mkono mmoja. Ile Jumatano. Wewe uliandika tano na mimi nikaifuta nikaandika mbili, kwa sababu duara langu halikuwa na nafasi ya mtu anayechoka mgongo huku anajazwa nguvu na wenzake. Mwalimu alituambia kosa kubwa kuliko yote ni kuchora duara dogo ukaacha nje kitu kinachoendesha mengine. Nililiandika kwenye daftari, nikapiga mstari chini yake. Halafu nikachora duara kuzunguka nyumba moja yenye wanawake wawili nikakuambia unavuja. Nilihesabu siku kumi na tisa ulizotoa na siku mbili ulizorudishiwa. Sikuhesabu watu. Siku mbili za watu ishirini na mbili! Mtoto wa darasa la tatu angeiona. Wala machela sikuiweka, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameanguka siku ile nilipokuwa nahesabu.

Wewe ulikuwa unaandika ukweli na mimi nikakufundisha kusema nne.

Jana nilikwenda kwa meneja. Niliitoa kadi ukutani mbele yake na kumwambia masaa yangu ya kweli, na kwamba usukani ulikuwa mzima. Hakunipigia kelele. Alisema tu, "Na watu wote walikuwa wanaiga kadi yako." Gidamis anarudi kazini kesho. Mimi nimeondolewa kwenye mashine mpaka waamue, nafagia stoo. Nilikwenda nyumbani kwake kumwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema nikae, mke wake analeta chakula. Nilitaka anitukane.

Dada, sina uso wa kuja, na nataka kuja. Mwezi wa tisa nina ruhusa. Kama Mzee Hhando bado anaita watu, mwulize kama nyumba yetu inaweza kurudi. Mwambie kosa ni langu, wewe ulitii tu. Akikataa niandikie hivyo hivyo, usinipunguzie.

Ratiba ichome.

Basili


Dongobesh
6 Septemba 1987

Basili, mdogo wangu,

Marahaba.

Nimemsomea mama yote. Hakuniruhusu niruke. Ulipofika kwenye dirisha alisema nisimame kidogo, akafuta macho kwa ncha ya shuka, akasema endelea.

Na mimi nina langu. Nilikuandikia tulimpeleka mara moja. Ni uongo. Mama alianguka Jumapili tukitoka kanisani, alipitia kisimani. Amekwenda Haydom Jumanne.

Unajua kwetu mtu akianguka unapiga yowe, na kila anayesikia anaacha jembe lake hapo hapo. Nilimkuta mama chini, nikasimama mahali pa juu, nikafungua mdomo. Sauti haikutoka. Nilimkumbuka Zita amesimama mlangoni anasoma ratiba. Nilikumbuka miezi minne nikisikia wanaitana, na mimi nimelala chali. Nikajisemea, nitawaitaje watu niliowaambia sina nafasi nao? Nikambeba mama mgongoni mwenyewe. Alilia njia nzima, na sasa naogopa kwamba kule kumbeba ndiko kulikomaliza mguu. Daktari hakusema hivyo. Mimi ndiye ninayesema, kila siku nikimwona anaelekea mlangoni.

Siku mbili nilimkanda kwa maji moto. Aliniuliza, "Kwa nini huiti watu?" Nikamwambia wamekwenda mnadani. Siku mbili mnada, Basili! Alijua. Akageukia ukutani.

Jumanne Efrazia aliona ng'ombe wetu hawajatoka na jua limepanda. Akaja. Alimtazama mama, akanitazama, nikaanza kumweleza kwa nini sikuita. Akasema, "Baadaye. Mshike kichwa." Akatoka nje akapiga yowe kwa niaba yangu. Kabla sijamfunga mama shuka ua ulikuwa umejaa. Mzee Hhando alikuja na miti ya machela begani. Nilitamani anigombeze. Njia yote mpaka Dongobesh aligombeza wabebaji tu, kwamba wanamtikisa mama kama gunia. Haydom alikuja kwa miguu ingawa nauli alikuwa nayo, ili nauli hiyo ampe Efrazia arudi nyumbani kulisha watoto wake.

Kwa hiyo usiseme nilitii tu. Ratiba uliandika wewe. Mdomo nilifunga mimi.

Kingine. Alhamisi ile jikoni Haydom, nilikuona. Niliona plasta kwanza, halafu nikaona ni wewe. Nilitaka kukukimbilia. Halafu nikafikiri, akija atamwuliza Efrazia mama alianguka lini na akaletwa lini, na Efrazia hasemi uongo. Nikainamisha kichwa nikapuliza moto ambao ulikuwa tayari umewaka. Nilipuliza mpaka nikajua umeshajificha. Kila siku baada ya hapo nilikuwa nagonga sufuria kabla ya kutoka, ili usikie upishe.

Tumezaliwa tumbo moja kweli.

Ratiba sikuichoma. Efrazia ameiomba, anataka kumwonyesha mume wake ile saa tisa mpaka saa kumi.

Nilikwenda kwa Mzee Hhando kama ulivyosema. Nilimwambia yote, yako na yangu, nimesimama mlangoni, hakuniambia nikae. Alipiga chafya, akauliza kama ng'ombe wetu wana samadi ya kutosha. Nikasema ipo. Akasema, "Haya, nenda," na sikujua hiyo ni ndiyo au hapana. Sikulala vizuri. Nguvu moja, hiyo ni ya kweli.

Leo asubuhi alisimama kilimani. Jumatano ya wiki ijayo, tarehe kumi na sita, ni slaqwe ya samadi, kutoka mazizini kupeleka mashambani kabla ya mvua, na anaanzia kwa Efrazia. Aliita ya Efrazia, akaita ya Zita. Mimi nilikuwa nimeshika mtungi, nikaushika hivyo hivyo. Akaita, "Nyumba ya Kornelia!"

Nilifungua mdomo, na safari hii mama akaniwahi. Ameitikia akiwa mlangoni na fimbo yake, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu aanguke.

Mzee Hhando akauliza, "Watu wangapi?"

Mama akajibu, "Wawili!"

Nilimwambia mama, Basili ana mkono mmoja. Akasema kapu la samadi linabebwa kichwani, mkono mmoja unatosha kulishika. Ameshalisema mbele ya kilima kizima, na yeye hawezi kwenda kulibadilisha kwa mguu ule.

Basi linalotoka Haydom linapita Dongobesh Jumanne mchana. Nitakuwa dukani kwa Bashiri, nakusubiri.

Dada yako,
Hilaria